Je, Wajua? Ufa wa Dari Unaorudi Palepale

Je, wajua kuwa ufa ulionyooka kama umepigwa rula kwenye dari ya jipsamu mara nyingi ni kiungo cha bodi mbili? Bodi nyingi zina upana wa mita 1.2 na urefu wa mita 2.4. Pima kutoka bodi zilipoanzia ukutani: ukiukuta ufa kwenye mojawapo ya vipimo hivyo, bodi zinaachana.

Je, wajua kuwa bati la chuma la mita 6 likipanda joto kwa nyuzi 40 hurefuka karibu milimita 3? Usiku hunywea tena. Mbao za kenchi nazo huvimba masika na kusinyaa kiangazi. Dari iliyopigiliwa kwenye mbao hizo haitulii, na rangi mpya haiwezi kuituliza.

Je, wajua kuwa puti peke yake haishiki kiungo kinachocheza? Fundi makini kwanza hubonyeza pande zote mbili za ufa kwa kiganja. Upande ukicheza, skrubu imelegea. Huongeza nyingine pembeni, kichwa kikizama kidogo bila kupasua karatasi ya bodi. Kisha huupanua ufa kwa ncha ya kisu, hufagia vumbi kwa brashi na kujaza puti. Baada ya hapo huja utepe: wa karatasi hulazwa kwenye puti mbichi na kukandamizwa kwa kisu cha puti hadi mapovu yatoke. Tabaka la pili na la tatu hufuata, kila moja pana kuliko la chini yake na likipakwa baada ya lililotangulia kukauka. Msasa ni wa mwisho. Fundi akikwambia utepe si lazima, tafuta mwingine.

Je, wajua kuwa takriban asilimia 21 ya uzito wa jipsamu ni maji yaliyofungwa ndani ya madini yenyewe? Moto ukiwaka, maji hayo hugeuka mvuke na kuuchelewesha. Ufa ulioachwa wazi huupa moto njia ya kupanda darini.

Je, wajua kuwa unga wa jipsamu ukishika hutanuka kidogo, ilhali saruji hunywea ikikauka? Kuziba ufa wa jipsamu kwa saruji ni kuukaribisha mwingine.

Je, wajua kuwa chokaa hujiziba? Katika nyumba za mawe za Lamu na Mji Mkongwe wa Unguja, zenye boriti za mikoko darini, unyevu huyeyusha chokaa kidogo, huipeleka kwenye ufa mwembamba, nayo hugandia humo ikikutana na hewa. Nyumba hizo zinastahili kukarabatiwa kwa chokaa. Saruji ni ngumu mno kwazo na hufungia unyevu ndani. Ufa huhamia pembeni ya kiraka.

Je, wajua kuwa penseli ni kipimo kizuri? Weka alama kwenye ncha zote mbili za ufa, andika tarehe, kisha rudi kuutazama baada ya masika na baada ya kiangazi. Ukiona umepita alama, au umeshuka ukutani kwa umbo la ngazi juu ya mlango, mwite mhandisi aangalie msingi. Dari ikibonyea katikati, hamisha kitanda leo hii. Na penye doa la kahawia kuna maji: panda ukague bati na misumari yake kabla hujanunua puti.