Áron Szilágyi, bingwa wa kitara aliyekataa kuondoka Paris mikono mitupu

Nchini Hungaria, mchezo wa kitara ni urithi wa taifa. Kuanzia mwaka 1908 hadi 1964, Wahungaria walinyakua dhahabu ya mchezaji mmoja mmoja katika kila Olimpiki waliyoshiriki. Aladár Gerevich peke yake alikusanya medali 7 za dhahabu kati ya 1932 na 1960. Ndiyo maana anayevaa kinyago kwa jina la nchi hiyo hubeba mzigo mzito.

Áron Szilágyi, mzaliwa wa Budapest, aliubeba mzigo huo mapema. Alicheza Olimpiki ya Beijing mwaka 2008 akiwa na miaka 18 tu. Miaka minne baadaye, jijini London, alimshinda Muitaliano Diego Occhiuzzi kwa alama 15 kwa 8. Huko Rio de Janeiro mwaka 2016 alichaguliwa kubeba bendera ya Hungaria kwenye sherehe za ufunguzi, kisha akamshinda Mmarekani Daryl Homer kwa alama zilezile, 15 kwa 8.

Tokyo ikampa nafasi ya pekee. Mwaka 2021 alimlaza Luigi Samele wa Italia 15 kwa 7 na kuwa mwanamume wa kwanza kutwaa dhahabu tatu mfululizo za mchezaji mmoja mmoja katika historia ya mchezo wa vitara na panga. Mwaka uliofuata alitawazwa bingwa wa dunia mjini Cairo, kwenye ardhi ya Afrika.

Katika kitara, pigo huhesabiwa likigusa mwili kuanzia kiunoni kwenda juu, iwe kwa ncha au kwa makali. Mapambano huenda mbio, na anayesitasita hupoteza alama kabla hajajua lililompata.

Hilo ndilo lililomkuta Paris, Julai 2024. Wengi walisubiri dhahabu ya nne, lakini Mkanada Fares Arfa alimtoa katika pambano lake la kwanza kabisa, 15 kwa 8. Alama zilizompa ushindi London na Rio sasa zilikuwa dhidi yake.

Bingwa mwingine angeweza kuvunjika moyo. Siku nne baadaye, Szilágyi alirudi ulingoni pamoja na András Szatmári, Csanád Gémesi na Krisztián Rabb. Timu hiyo ilipenya hadi fainali, ikazidiwa na Korea Kusini 45 kwa 41 na kuondoka na medali ya fedha.

Fedha hiyo haikuongeza hesabu ya dhahabu zake. Hata hivyo, iliwaonyesha mashabiki wake jambo ambalo ushindi wa London, Rio na Tokyo haukuwahi kudai kwake: kuanguka mbele ya dunia nzima, kisha kusimama kwa ajili ya wenzake.