Ua la Usambara na Kibao cha Mchapaji

Mwaka 1892 mtawala wa Kijerumani huku Tanga, Walter von Saint Paul-Illaire, alipeleka kwao ua dogo la zambarau litokalo milima ya Usambara. Mwaka uliofuata likapewa jina lake, Saintpaulia. Tangu hapo limechorwa na kuchapwa Ulaya na Marekani mara zisizo idadi. Ukutani mwa mfanya kazi wa Lushoto, je, limo?

Mchoro wa rangi ni mmoja, na aghalabu huchukuliwa na mtalii. Picha ya kuchapwa ni jambo jingine. Fundi huchonga kibao, hupaka wino penye mwinuko, hulaza karatasi na kuikandamiza. Kibao kimoja hutoa karatasi nyingi, na bei hushuka hata mnyonge akanunua.

Edward Saidi Tingatinga, aliyepata kuwa kibarua wa mkonge Tanga, alichora ndege na wanyama kwa rangi ya baiskeli, wala hakungoja chuo. Uchapaji nao ulifundishwa katika Nyumba ya Sanaa, iliyoanzishwa Dar es Salaam mwaka 1972. Lushoto yataka chumba kimoja tu chenye meza na wino. Ua lipo, na kinyonga wa pembe mbili yupo msituni.