Gari za Marekani za zamani: farasi 105 zilienda wapi?



Leo tuongee gari. Tutatoka na Chevrolet Camaro Z/28, moja ya zile gari za Marekani zenye injini kubwa na sauti nzito, zenye vijana wengi wanapenda kuangalia ku video. Nguvu ya injini inahesabiwa kwa farasi, ile wengi wetu tunaita shevo. Farasi moja ya Kimarekani ni wati 746.

Katalogi ya Camaro Z/28 ya mwaka 1970 inaandika farasi 360. Ya 1971 inaandika 330. Ya 1972 inaandika 255. Na injini ni ile ile: silinda 8, inchi 350 za ujazo, ni kusema litri 5,7. Kwa miaka miwili tu, farasi 105 zimepotea.

Watu wengi wanaeleza jambo hilo kwa sentensi moja: serikali ya Marekani ilileta sheria za moshi, na gari zikakufa. Kuna ukweli ndani yake. Lakini nusu na zaidi ya zile farasi 105 hazikupotea, juu hazikukuwa barabarani hata siku moja. Tuone namna gani.

Gari hizo zilitoka wapi

Watu wengi wanaanza historia na Pontiac GTO ya mwaka wa modeli 1964. Pontiac ilikuwa tawi la kampuni kubwa General Motors, na General Motors ilikuwa na kanuni yake: gari ya ukubwa wa katikati haipaswi kuwa na injini ya kupita inchi 330 za ujazo. Mwanzoni mwa 1963 ikakataza tena matawi yake kuingia kwa mashindano. Wahandisi wa Pontiac, John DeLorean akiwa mkubwa wao, wakapata mlango wa nyuma. Hawakutangaza gari mpya. Walichukua Tempest LeMans ya kawaida, na injini ya inchi 389 (litri 6,4) wakaiandika kama nyongeza ya kuchagua na kulipia kando. Kanuni ilikuwa inaangalia gari, haikuangalia nyongeza. Walitumainia kuuza gari 5 000. Mwaka wa kwanza zilienda 32 450.

Hiyo njo fomula yote: gari ya kawaida ya familia, injini kubwa sana, bei ambayo kijana mwenye kazi anaweza kulipa. Wengine wakafuata. Chrysler ilitoa injini ya Hemi ya inchi 426, litri 7, kwanza kwa mashindano ya 1964, kisha kwa gari za barabarani mwaka 1966, na ikaandika farasi 425. Mwaka 1970 Chevrolet Chevelle SS 454 ikafika kwa 450. Kila kampuni ilikuwa inauza namba kwanza, gari inafuata.

Bruti na neti

Sasa tuulize: zile namba zilipimwa namna gani?

Kila mtu mwenye amefanya kazi ya mshahara anajua tofauti ya bruti na neti. Bruti ni ile inaandikwa kwenye mkataba. Neti ni ile inafika mkononi. Kwa injini ni vile vile.

Mpaka mwaka 1971 kampuni za Marekani zilitangaza nguvu ya bruti. Injini ilitolewa ndani ya gari na kuwekwa juu ya meza ya kupimia. Chujio la hewa halipo. Feni haipo. Alternateri ya kuchaji batri haipo. Bomba za kutolea moshi ni za maabara, zimefunguka wazi, hazina kizibo cha kupunguza sauti. Muda wa kuwasha moto ndani ya silinda unarekebishwa mpaka injini itoe nguvu ya juu kabisa. Namba yenye kutoka hapo ni ya kweli kwa meza ile. Lakini hakuna mtu anaendesha meza.

Nguvu ya neti inapimwa injini ikivaa vitu vyote vyenye itavaa ndani ya gari: chujio, feni, alternateri, bomba za kawaida. Kila kimoja kinakula nguvu yake. Kwa modeli za 1972, kampuni za Marekani ziliacha bruti na kuandika neti.

Sasa tufanye hesabu

Kwa bahati nzuri, kwa modeli za 1971 General Motors ilitoa namba zote mbili, na hiyo inatusaidia kugawanya zile farasi 105.

Kutoka 360 mpaka 330: farasi 30. Hizi zilipotea kweli. General Motors ilishusha kompresio, ni kusema mara ngapi mchanganyiko wa hewa na esansi unabanwa ndani ya silinda kabla ya kuwashwa. Kwa Z/28 ilitoka 11 kwa 1 ikashuka 9 kwa 1. Juu ya nini? Kompresio kubwa inatoa nguvu nyingi, lakini inaomba esansi ya oktani ya juu. Isipokuwa hivyo, mchanganyiko unajiwasha mbele ya wakati na injini inagonga. Wakati ule oktani ya juu ilipatikana kwa kutia risasi ndani ya esansi, na risasi ni sumu. Sheria ya hewa safi ilisainiwa tarehe 31 Desemba 1970, na kampuni ilishaona njia inaelekea wapi: ikatayarisha injini zenye kukubali esansi ya risasi kidogo ao bila risasi.

Kutoka 330 mpaka 275: farasi 55. Hapa injini ni ile ile, mwaka ni ule ule wa 1971. 330 ni bruti, 275 ni neti. Hakuna hata skrubu moja imebadilishwa.

Kutoka 275 mpaka 255: farasi 20, kati ya katalogi ya 1971 na ya 1972, zote kwa neti.

Jumla: 30 na 55 na 20, ni 105. Hata tukikubali kwamba zile 20 zote zilipotea kweli, hasara ni 50. Zile 55 zingine ni namna ya kupima tu. Mwenye kuweka 360 ya 1970 pembeni ya 255 ya 1972 analinganisha mshahara bruti wa mtu mmoja na mshahara neti wa mwingine, kisha anasema wa pili ameonewa.

Namba inaweza kudanganya pande mbili

Usifikiri kampuni zilikuwa zinaongeza tu. Mara zingine zilipunguza. Mwaka 1968 Ford iliandika farasi 335 kwa injini yake ya 428 Cobra Jet, na wajuzi wa gari hizo wanakubaliana kwamba ilikuwa inatoa zaidi. Kulikuwa na faida mbili. Asiransi zilikuwa zinapandisha bei kwa vijana wenye gari za nguvu. Na kwenye mashindano ya mbio fupi, gari ziliwekwa kwa makundi kufuatana na uzito na nguvu yenye kutangazwa: ukijiandika mdogo, unashindana na wadogo.

Hata majaribio ya magazeti hayakukuwa salama. Machi 1964 gazeti Car and Driver liliandika kwamba GTO ilitoka sifuri mpaka kilometa 97 kwa saa ndani ya sekunde 4,6. Watu walishangaa miaka mingi. Baadaye sana, Jim Wangers, mtu wa matangazo ya Pontiac, akakubali ndani ya kitabu chake kwamba gari ile haikukuwa na injini ya 389. Walikuwa wametia ya 421.

Barabara inasema nini

Ukitaka kujua gari, angalia mbio za robo maili, mita 402. Zinatoa namba mbili, na kila moja ina kazi yake. Mwendo wa gari kwenye mstari wa mwisho unaonyesha nguvu ikilinganishwa na uzito. Muda wote wa mbio unaonyesha pia namna gari ilishika barabara wakati wa kuondoka. Gari hizi zilikuwa na uzito wa kupita tani moja na nusu, na matairi yao yalikuwa membamba. Ukikanyaga sana, tairi za nyuma zinazunguka bure na kutoa moshi. Farasi ziko, lakini lami haizipati. Njo maana madereva wawili wenye gari moja walikuwa wanaleta muda tofauti kabisa.

Inatuhusu wapi?

Mimi ni mtu wa agronomia, na kila msimu naona wenzetu wakiweka akiba pamoja kununua motopompe ya kumwagilia mboga. Kwenye sahani yake imeandikwa, kwa mfano, litri 500 kwa dakika na mita 30 za kupandisha. Namba zote mbili ni za kweli, lakini haziji pamoja. Zile litri 500 zinatoka wakati maji hayapandi hata kidogo. Zile mita 30 ni pale ambapo hakuna tena tone lenye kutoka. Shamba lako liko katikati, kwenye mkunjo wa pampu wenye unapatikana ndani ya kitabu chake. Ongeza kwamba injini ya esansi yenye kuvuta hewa yenyewe inapoteza karibu 10% ya nguvu kwa kila mita 1 000 za urefu juu ya bahari. Bukavu na Goma ziko karibu na mita 1 500. Hesabu mwenyewe.

Mbele ya kutoa pesa ya kikundi, muuzaji ajibu maswali matatu. Namba hii ilipimwa na vifaa vyote, ao injini ikiwa uchi? Ilipimwa kwa hali gani: urefu gani, mzigo gani? Na ile nyingine ninayoilinganisha nayo, ilipimwa vile vile? Akishindwa, omba kitabu cha mashine na usome mkunjo. Kitabu kikikosekana, chukua ndoo ya litri 20 na saa, mwambie awashe pampu maji yakipanda kimo cha shamba lenu, muhesabu sekunde mpaka ndoo ijae. Hiyo njo neti yenu.