Unauza Katana? Namba ya Chuma Peke Yake Haitoshi

Vijana wanaopenda anime, walimu wa sanaa za mapigano na wapambaji wa sebule wote huja na ombi moja: "Unaweza kuniagizia katana?" Ukifungua tovuti za wasambazaji unakuta mamia, zote zinang'aa, zote zimeandikwa "ubora wa juu". Moja ni dola chache, nyingine ni mara kumi yake, na kwa picha huoni tofauti.

Hapa makosa yana gharama kubwa kuliko kwenye viatu. Kiatu kikiachia soli, mteja anakutukana kwenye komenti. Upanga ukichomoka kwenye mpini mtu anapouzungusha, unaruka na kumkuta aliyesimama karibu. Kwa hiyo kabla hujatoa oda, pitia mambo haya.

1. JUA UNAUZA NINI

Japani, mhunzi wa panga lazima awe na leseni, na huipata baada ya kujifunza kwa bwana wake miaka kadhaa. Haruhusiwi kutengeneza panga ndefu zaidi ya 2 kwa mwezi. Chuma chake kinaitwa tamahagane, kinatokana na mchanga wenye madini ya chuma, unaoyeyushwa kwa mkaa kwenye tanuru la udongo. Upanga wake mpya ni maelfu ya dola, na una hati ya usajili.

Katana za chuma cha kisasa nyingi zinatoka Longquan, mji wa jimbo la Zhejiang nchini China, wenye historia ndefu ya kufua panga. Zipo nzuri sana humo. Ziuze kwa jina lake: katana ya kisasa, imetengenezwa China. Msambazaji akikuambia "tamahagane halisi ya Japani" kwa bei ya simu ya kawaida, hapo unapigwa.

2. SOMA NAMBA YA CHUMA

Utaona 1045, 1060, 1095. Usiogope, ni rahisi. 10 ya mwanzo maana yake ni chuma cha kaboni cha kawaida. Namba mbili za mwisho zinaonyesha kiasi cha kaboni: 1045 ina karibu asilimia 0.45, 1060 ina 0.60, na 1095 ina 0.95. Kaboni ikiongezeka, makali yanaweza kuwa magumu zaidi na kudumu, lakini chuma kinakuwa mwepesi wa kumeguka kikitumiwa vibaya. Ndiyo maana 1060 inamfaa anayeanza kujifunza kukata, maana inavumilia pigo lililokwenda upande.

T10 ni chuma cha vifaa cha Kichina, kaboni yake ni karibu asilimia 1. Kinashika makali vizuri, lakini kinataka mkono uliozoea.

5160 na 9260 ni vyuma vya springi. 5160 ina kromiamu na inatumika sana kwenye springi za magari. Wahunzi wetu wanaofua panga za shamba kutokana na springi chakavu wanajua kwa nini: chuma hicho kinapinda kidogo na kurudi. 9260 ina silikoni nyingi, karibu asilimia 2, na tabia yake ni hiyohiyo. Kwa mteja anayetaka kitu cha kuvumilia mazoezi, hizi ni chaguo zuri.

Stenlesi, hasa 420 na 440, ni ya ukutani. Kisu kifupi cha stenlesi hakina shida, lakini upanga mrefu wa aina hiyo unaweza kukatika ukipigwa kwenye kitu kigumu. Ukiuza, andika wazi: "Pambo tu, si ya kukatia."

3. NAMBA NI NUSU YA HABARI

Hapa ndipo wauzaji wengi wanaachwa. Chuma kilekile cha 1095 kikichomwa na kupozwa vizuri ni upanga bora, kikiharibiwa motoni ni kioo. Kwa hiyo muulize msambazaji: umekikaza vipi?

Kuna njia mbili kubwa. Ya kwanza, upanga wote unakazwa sawasawa, ndiyo kawaida ya vyuma vya springi. Ya pili ni ya jadi: mgongo unapakwa udongo mzito, makali yanapakwa mwembamba au yanaachwa, halafu upanga unazamishwa. Makali yanapoa haraka na kuwa magumu, mgongo unapoa polepole na kubaki laini. Mpaka kati ya sehemu hizo mbili unaonekana kama wingu jeupe linalotembea kando ya makali. Wajapani wanauita hamon.

Sasa sikiliza. Hamon feki ipo nyingi sana sokoni. Inachorwa kwa asidi au kusuguliwa kwa brashi ya waya. Omba picha za karibu za panga tatu za modeli hiyohiyo. Wimbi likiwa lilelile kwenye zote, kama limepigwa muhuri, ni mchoro. La kweli linatofautiana kila upanga. Na ukiona hamon kwenye stenlesi ya bei poa, usipoteze muda.

Omba pia kipimo cha ugumu, kinachoandikwa HRC. Upanga uliopakwa udongo ukiwa na makali ya karibu 58 hadi 60 na mgongo wa karibu 40, inaeleweka. Wa springi uliokazwa wote mara nyingi uko kati ya 50 na 55. Msambazaji anayejua kazi yake atakujibu. Asiyejua atakutumia tena ile picha ya tangazo.

4. USIDANGANYIKE NA "IMEKUNJWA MARA 1000"

Tamahagane hutoka tanuruni haina usawa na ina uchafu, ndiyo maana mhunzi huikunja na kuifua tena na tena. Kila mkunjo unaongeza tabaka maradufu. Ukikunja mara 10 umeshapata tabaka 1,024. Mara 13 ni tabaka 8,192. Kwa hiyo anayesema amekunja mara 1,000 hajui hesabu, au anajua kwamba wewe hujapiga.

Chuma cha kisasa kinatoka kiwandani kikiwa safi tayari. Yale mawimbi mazuri yanayouzwa kwa jina la Damascus ni urembo. Mteja akiyapenda, muuzie kama urembo, usimwambie yanaongeza nguvu.

5. FUNGUA MPINI

Hili ndilo la usalama, usiliruke. Chuma cha upanga kinaendelea ndani ya mpini. Kwenye katana nzuri, sehemu hiyo ni kipande kimoja na upanga wenyewe, ni pana, na inafika mbali ndani ya mpini. Wasambazaji huandika "full tang". Kwenye feki ni kijiti chembamba kilichounganishwa kwa kuchomelea, na pale pa kuchomelea ndipo panapokatika.

Katana ya kweli inafunguka. Mpini unashikiliwa na kipini kidogo cha mianzi, mara nyingine viwili. Ukikigonga kinatoka, mpini unavuliwa. Omba video ya msambazaji akifungua na kufunga. Akikataa, au mpini umegandishwa kwa gundi na haufunguki, usinunue.

Angalia na mengine: kuni ya mpini isiwe na ufa, kamba iwe imekazwa na isisogee ukiisukuma kwa kidole gumba. Chini ya kamba, mpini mzuri una ngozi ya samaki taa, ile yenye vipele, inayosaidia kamba isiteleze. Za bei ya chini zina plastiki. Upanga usicheze ukiutikisa, na ukigeuza ala juu chini usichomoke wenyewe. Uzito bila ala uwe karibu kilo 1 hadi 1.3. Ukizidi sana, mara nyingi ni bamba la chuma ambalo halikupunguzwa unene kuelekea nchani.

6. KUTU ITAKULA FAIDA YAKO

Chuma cha kaboni kinashika kutu, na hewa ya Dar, Mombasa au Unguja haina huruma. Alama ya kidole tu inatosha kuanzisha doa. Mzigo ukifika, futa kila upanga kwa kitambaa laini, kisha paka mafuta mepesi. Wajapani wana mafuta yao yanayoitwa choji, na choji ni karafuu, maana hutiwa harufu yake. Kwa duka dogo, mafuta ya cherehani yanatosha. Weka chupa ndogo kwenye kila oda na karatasi ya maelekezo. Gharama ni ndogo, na mteja hatarudi na upanga mwekundu.

7. SHERIA KABLA YA MTAJI

Hii ni silaha. Sera za biashara za Facebook na Instagram zinakataza kuuza silaha, kwa hiyo posti moja inaweza kukufungia akaunti uliyoijenga miaka. Kabla ya kulipa, uliza polisi na wakala wako wa forodha, upate jibu kwa maandishi. Na ndugu aliyeko London akikuomba umtumie, chunga: tangu Aprili 2008 Uingereza imezuia kuuza na kuingiza panga zilizopinda zenye urefu wa sentimita 50 na zaidi, isipokuwa kwa masharti maalum kama zile zilizofuliwa kwa njia za jadi.

Ukiona mlango huo mgumu, kuna wateja walewale wanaohitaji upanga wa mbao wa mazoezi, stendi za kuonyeshea na mafuta ya kutunzia.

UKIANDIKA TANGAZO, ANDIKA HIVI

"Katana ya kisasa, imetengenezwa Longquan, China. Chuma 1060, umekazwa wote, hauna hamon. Shina kipande kimoja, mpini unafunguka, nina video. Uzito kilo 1.1. Una makali, hauuzwi kwa mtoto. Unahitaji mafuta mara kwa mara."

Tangazo hilo halina "kali kuliko zote" wala "haivunjiki". Lakini anayejua katana akilisoma atajua anaongea na muuzaji anayejua bidhaa yake, na asiyejua hatanunua pambo akidhani ni la kukatia.

Una msambazaji amekutumia maelezo na huyaelewi? Yaandike kwenye komenti, tuyachambue pamoja kabla hujatuma hela.