Samaki Naye Avuliwe kwa Haki

Kuvua ni kuwinda. Mtu anayetega nyavu zake katika maji ya Ukerewe, Kome au Maisome hana tofauti na yule anayefuata nyayo za nyati porini. Wote wawili hutoa uhai ili watu wapate kula. Hilo si kosa, wala hatulilaumu. Tunalouliza ni hili: uhai huo unatolewa kwa njia gani?

Kwa wanyama wa porini sheria imekwisha kujibu. Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009 inakataza kuwinda kwa sumu, kwa mitego ya nyaya na kwa mashimo. Sababu yake iko wazi: mtego wa waya hauchagui. Humnasa dume, humnasa mwenye mimba, na aliyeutega akiusahau huendelea kuua bure. Kipimo hicho ndicho kinachotufaa ziwani.

Ndoano humpata samaki mmoja mmoja. Nyavu za makila zenye macho ya kutosha humwacha mchanga apite. Hata wavu wa dagaa, pamoja na udogo wa macho yake, una hoja ya kujitetea, maana dagaa hukomaa na kuzaana upesi. Lakini kokoro huburutwa hadi ufukoni juu ya mazalia ya sato, likivuruga viota na kukomba wachanga ambao hata sokoni hawana thamani. Timba nayo ikipotea majini haiozi. Hubaki ikiua pasipo mwenyewe.

Sumu ni ovu kuliko zote, kwani humfuata mlaji hadi chunguni. Mwaka 1999 Umoja wa Ulaya ulifunga soko lake kwa samaki wa Ziwa Victoria kwa hofu ya sumu ya kuulia wadudu. Mvuvi mwaminifu aliadhibiwa pamoja na mhalifu.

Onyo lenyewe si jipya. Michael Graham alilichunguza ziwa hili mwaka 1927 na 1928, na taarifa yake ya mwaka 1929 ilishauri macho ya nyavu yasipungue inchi 5, ili kumwokoa sato wa asili ambaye Waluo humwita ngege. Katika miaka ya 1950 kikomo hicho kiliondolewa huku kwetu. Nyavu za macho madogo zikaenea, na ngege akazidi kuadimika hata kabla sangara hajatawala ziwa.

Kwa hiyo tunaiunga mkono Serikali inapozipinga zana haramu. Hata hivyo, tuna neno kwa maofisa wetu. Katika operesheni ya mwaka 2018 nyavu nyingi ziliteketezwa kwa moto mialoni. Lakini wavu haukuota ufukoni kama matete. Uliundwa, ukasafirishwa, ukauzwa. Anayeburuta kokoro mara nyingi si mwenye kokoro. Ni kibarua anayengoja fungu lake la samaki, na tajiri wake hayupo moto unapowashwa. Haki inayomkamata kibarua na kumwacha mwenye mali ni mtego unaonasa dagaa na kumpisha sangara. Ndiyo maana tunasema msako uanzie ghalani na dukani, na anayenyang'anywa wavu haramu aonyeshwe njia ya kupata wavu halali kwa mkopo anaoumudu. Mtu mwenye njaa hawezi kuhifadhi kitu.

Nanyi ndugu zetu wa visiwani, msijifiche nyuma ya makosa ya wakubwa. Jirani anayemwaga sumu usiku mnamfahamu, na mwenye kokoro mnamjua kwa jina. Kumfichia siri si udugu, kwa sababu anachokiiba ni kitoweo cha watoto wenu. Mtajeni katika vikundi vya ulinzi wa mialo na katika mikutano ya vijiji.

Ziwa halitupi samaki wa mwaka huu tu. Tumwache mchanga akue, mzazi azae, na anayekula ale bila hofu.