RANGI HAIZIBI KUTU: Nilivyoziba tundu la kirikuu yangu kwa mara ya pili

Wafanyabiashara wenzangu, leo tuongelee gari ya mzigo.

Mimi niko Buzwagi hapa Kahama, nauza mashuka na mapazia mtandaoni. Mgodi ulipofungwa 2021, wateja wangu wa jirani walipungua, nikaanza kupeleka mizigo mjini na hadi Isaka kwa kirikuu, ile iliyofunikwa nyuma. Siku moja ya mvua tairi ya nyuma ikarusha maji ya tope ndani kupitia tundu la kutu ubavuni. Mashuka matatu yakapata madoa. Nikarudisha hela ya watu, 105,000.

Kwa haraka nikapaka puti juu ya tundu, nikapulizia rangi. Ikapendeza kweli. Mvua zilipokolea, rangi ikavimba kama andazi na tundu likawa kubwa kuliko mwanzo. Kosa langu: puti inanyonya maji, na kutu iliyobaki chini yake inaendelea kula bati.

Mara ya pili nilifanya hivi:

1. Osha tope, acha pakauke kabisa.

2. Kwangua kwa brashi ya waya na msasa namba 80 mpaka uone bati linang'aa. Bati lililooza kata, hata kama tundu linaongezeka. Usilionee huruma.

3. Ziba kwa faiba na gundi yake, ikiwezekana upande wa ndani. Vaa glavu. Puti peke yake haishiki tundu.

4. Ikikauka, pitisha msasa kisha paka puti nyembamba. Hadina ni kama gramu 2 kwa gramu 100 za puti. Soma kopo lako. Changanya kidogo kidogo, maana kwa jua letu inaganda ukiwa bado unaikoroga.

5. Sawazisha kwa msasa 180, halafu 320. Ukipitisha kiganja usisikie mpaka wa puti.

6. Piga praima, ndani na nje. Ikikauka, msasa wa maji 600, futa vumbi, ndipo rangi. Puliza mikono mitatu myembamba, siyo mmoja mzito, utachuruzika. Malizia na klia.

Rangi ifanane: tafuta kodi ya rangi kwenye kibati cha taarifa za gari, wapelekee wachanganya rangi. Usikadirie kwa macho.

Fanyia kazi nje, mbali na moto, na uvae barakoa. Rangi za kuchanganya na hadina waachie mafundi wenye vifaa, mvuke wake unaharibu mapafu.

Na hapa tuelewane: kutu ikiwa kwenye chesisi au panapofungwa mkanda na siti, faiba na puti weka pembeni. Peleka kwa fundi wa kuchomelea. Hapo unabeba roho za watu, siyo mashuka.

Sasa hivi kabla ya mvua za Novemba nazibua vile vitundu vya chini ya milango kwa kijiti. Tope likiviziba, maji yanakaa ndani na kutu inaanza upya. Ni dakika kumi, bure kabisa.

Kesho asubuhi kabla hujapakia mzigo, zunguka gari yako. Ukiona rangi imevimba popote, ibonyeze kwa kidole. Ikibonyea, anza leo.