Nani anachota maji?

Huenda nawe una kijana aliyekuja kukuaga akisema anahama nyumbani, anakwenda kukaa na wenzake. Si ndoa, si kazi. Wamepanga nyumba moja: huyu anachora, yule anapiga gitaa, mwingine anatengeneza programu za simu, na wa nne haieleweki anafanya nini ila anasoma usiku kucha. Kodi wanachanga, ugali wanasonga kwenye sufuria moja. Nawe ukajibu kama wazazi wengi tunavyojibu: huo ni uhuni.

Kabla hujalifunga jambo hilo, twende kidogo Masasi.

Mwaka 1876 Askofu Edward Steere wa misheni ya UMCA, yule aliyekwisha kuandika kitabu cha kujifunzia Kiswahili, alitoka Unguja akapitia Lindi akiwa na kundi la watumwa waliokombolewa. Nia ilikuwa kusonga mbele zaidi, kuelekea Ziwa Nyasa. Walipofika penye majabali ya Masasi wakaona nchi ni nzuri, wakakaa. Hebu fikiri walikuwa watu gani. Walitekwa sehemu mbalimbali, hawakuwa na ukoo mmoja, wala mjomba wa kuwaamulia ugomvi. Kilichowaunganisha ni Kiswahili, sala na jembe. Leo tunajivunia Dayosisi ya Masasi. Mbegu yake ni hao watu wasio na kwao, waliokubali kuwa majirani.

Mwaka uliofuata akaja Mwingereza kijana, Chauncy Maples. Huyu alikuwa mdadisi kwelikweli. Kufikia 1879 alikuwa amechapisha kitabu kidogo juu ya lugha ya Kimakua. Jiulize: angeijuaje lugha hiyo bila kuketi na wenyewe, akiuliza hiki mnakiitaje, akichekwa kila anapokosea? Udadisi nao unataka mwenyeji mvumilivu.

Kisha likaja la 1882. Wangoni, waliojulikana kule kama Magwangwara, waliivamia Masasi. Nyumba zikachomwa, watu wakauawa, wengine wakachukuliwa mateka. Maples na baadhi ya waliosalia wakahamia Newala, kwa Matola, chifu wa Wayao.

Aliyefika Newala anajua. Hewa ni safi, upepo mzuri, lakini mchanga wa uwanda ule hunywa mvua yote. Chemchemi ziko chini, mwisho wa mteremko. Tangu zamani mchotaji alishuka na mtungi mtupu, akapanda na mtungi uliojaa kichwani. Mahali kama hapo mvivu hajifichi. Anayekunywa bila kushuka bondeni anajulikana kabla jua halijatua.

Nasi kanisani tunapenda kusoma Matendo ya Mitume sura ya 2, waamini walivyokuwa na vitu vyote shirika. Tunasahau kwamba tukifika sura ya 6 tayari kuna manung'uniko, na chanzo chake si mafundisho ya kina. Ni chakula! Wajane wa upande mmoja walikuwa wanarukwa katika mgawo wa kila siku. Mitume hawakusema basi, kila mtu arudi kwake. Walitaka wachaguliwe watu saba wa kusimamia meza.

Masasi hiyohiyo, mwaka 1946, ilianzishwa jumuiya ya masista wa Kianglikana, Chama cha Mariamu Mtakatifu. Mabinti wa Kiafrika waliacha nyumba za mama zao wakaenda kuishi pamoja, bila mume, bila watoto. Sidhani kama kila mzazi alifurahi. Lakini mtawa ana kengele, ana zamu, ana mama mkuu wa kumwambia umekosea. Vijana wetu wengi wana nyumba tu.

Basi leo ukitoka ibadani, nenda kamtembelee huyo wako. Usiende na hotuba. Nenda na kilo mbili za mchele. Kaa, kula nao, mwombe mchoraji akuonyeshe anachochora, hata kama hutakielewa. Wakati huohuo macho yako yawe jikoni. Tazama nani anajaza ndoo na nani anaosha vyombo. Ukiona kila siku ni binti mmoja tu, huku wasanii wengine wakingojea maono sebuleni, hapo una neno la kusema. Liseme, tena kwa ukali.